Petroli ya Boti

Waliniambia binti yangu Scovia hajui kutofautisha mafuta na breki. Aliyeniambia ni Maurice, baba mdogo wa mkwe wangu Nicholas, kwa simu, kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia wakikuuzia kitu kibovu. Alisema wazee wa kwao wamekubaliana. Jumamosi kutakuwa na kikao nyumbani kwa Nicholas, pale karibu na Rangwe. Scovia atasimama mbele ya Mama Roseline, ambaye alivunjwa mguu na gari sokoni, na atasema wazi kwamba alikosea pedali. Ataomba msamaha, atoe ufunguo. Gari litauzwa Mama Roseline atibiwe, na Scovia hatashika usukani tena. Mambo yaishie nyumbani.

Nikamuuliza kama kuna mtu amefungua injini akaangalia.

"Aangalie nini, Jaduong'?" akasema, akiniita mzee kwa Kijaluo. "Gari ni nzima. Ni huyu msichana wetu alishtuka tu. Wanawake hushtuka."

Nikakata simu kabla sijasema neno ambalo mtu hamwambii mkwe wake.

Lile gari lilikuwa langu. Ni Toyota ya zamani, ile wanayoita mia na kumi, na nilibeba nayo magunia na vyuma vya kinu changu cha unga kule Ikerege hadi viti vya nyuma vikasahau kuwa viti. Scovia alijifunzia humo, kwenye vilima vya murramu katikati ya mashamba ya tumbaku. Nilikuwa naweka bakuli la uji juu ya dashibodi, namwambia apande kilima aanze na kusimama, aanze na kusimama. Uji ukimwagika, anashuka kupangusa, tunarudi chini kuanza upya. Alifika mahali uji ulikuwa unatulia kama uko mezani. Alipoolewa na Nicholas nikampa gari, na watu wa Nicholas wakanisifu mbele ya umati kwamba Wakuria wanajua kutoa. Hao hao sasa walikuwa wanapita sokoni wakisema Nyar Kuria, binti wa Wakuria, anaendesha kama anayeswaga ng'ombe.

Na gari ndilo kazi yake. Hununua omena, dagaa wa ziwani, Kendu Bay akazileta Migori mjini. Mnyang'anye gari, umemrudisha kuomba chumvi kwa mume.

Yeye mwenyewe alinieleza mara moja tu jinsi ilivyokuwa. Aliegesha sokoni Rangwe, gurudumu la nyuma likiwa kwenye kishimo. Mama Roseline alikuwa mbele yake, pembeni kidogo, amekaa chini juu ya gunia na viazi vitamu vyake. Scovia akaweka gia, akakanyaga mafuta kidogo atoke. Pedali ikagoma, ngumu kama imefungwa. Akaongeza mguu. Gari likaruka. Akatoa mguu, injini ikaendelea kunguruma. Akashika breki, gari likasimama, lakini lilikuwa limekwisha kupita juu ya viazi na juu ya mguu wa mtu.

Aliwaeleza hayo wakwe zake. Maurice akacheka, akasema pedali zote ni ngumu kwa mtu aliyevaa viatu virefu. Siku hiyo Scovia alikuwa amevaa raba.

Mimi niliacha shule darasa la sita na sijawahi kuvaa ovaroli ya gereji. Lakini pedali inayogoma halafu ikaachia kwa ghafla naijua, kwa sababu nimelikalia gari hilo miaka. Injini hupumua. Hewa inapitia kwenye koo la chuma, mafundi huliita throtol, na ndani ya koo hilo kuna kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta na kufunga ukitoa mguu. Masizi hukusanyika pale ukingoni. Yakizidi, injini inazimika ukisimama, na usipoyatoa kisahani kinanata. Ndiyo sababu nilikuwa nalisafisha kila baada ya kuvuna mahindi, kwa mkono wangu, na nilimwambia Scovia alipeleke kwa fundi akiona linazimika. Sasa watu wazima walikuwa wameketi wakahukumu mguu wa mtoto wangu bila kufungua hata bonneti.

Jumamosi asubuhi nilifika na mfuko wangu. Ndani mlikuwa na spana, mkebe wa dawa ya kupuliza, mswaki mzee, gasketi mpya, na fulana yangu nyeupe iliyochakaa. Sikuingia. Kwetu mzee haingii boma la mkwewe kama anayeingia dukani. Huitwa, hutayarishiwa, na kikao chenyewe kilikuwa cha mchana. Kwa hiyo nikasimama nje ya lango, kando ya barabara, karibu na ua wa mnyaa, nikamwita binti yangu kwa jina.

Alitoka na kiti. Alikuwa amekonda, na kitambaa alikivuta mbele kama mtu anayejificha jua ambalo halijachomoza. Nikamwambia nataka gari lisukumwe mpaka hapa nje.

"Baba, acha tu," akasema. "Nimeshaamua. Nitasema nilikosea, yaishe."

"Ulikosea?"

"Mimi ndiye ninayeishi hapa."

Nilimkasirikia na yeye pia. Nicholas akaja nyuma yake, ameinama kunisalimu kwa mikono miwili, akinikaribisha chai. Nikasema sikualikwa chai, nimealikwa kumsikia binti yangu akijitukana, na kabla ya hapo ningependa kulipangusa gari nililolitoa, maana hata ng'ombe wa kuuzwa huoshwa. Akasema betri imekufa. Nikasema sihitaji liwake, nahitaji lisukumwe. Akasema mnunuzi anakuja kesho, ataliangalia mwenyewe. Alikuwa anazungumza na viatu vyangu.

Sasa, mkwe hawezi kumkatalia baba mkwe jambo dogo mbele ya barabara. Hiyo ni sheria kwao na ni sheria kwetu. Watu walikuwa wameanza kupita kuelekea sokoni, na wanaopita Rangwe wakiona Mkuria amesimama langoni na spana, hupunguza mwendo. Nicholas akaenda akasukuma.

Nikafungua bonneti. Nikalegeza mpira mkubwa wa hewa, na kabla hata sijauvuta niliona nati za throtol zimeng'atwa. Pembe zake zilikuwa zimesagwa na meno ya koleo, chuma kinang'aa kipya. Fundi mwenye spana hafanyi hivyo. Hivyo hufanya mtu mwenye haraka asiye na spana.

Nikavuta mpira. Masizi ya kawaida ni makavu, kama mgongo wa sufuria ya kuni. Haya yalikuwa mabichi. Yalikuwa yanameremeta, mazito, kama mrenda uliochanganywa na makaa. Nikaweka kidole kwenye kisahani, nikakisukuma. Kimekwama. Nikaongeza nguvu kidogo. Bado. Nikaongeza tena, na kikafyatuka mpaka mwisho, tap, kikabaki wazi hivyo hivyo. Springi ilikuwa inakivuta kirudi na hakirudi.

Nikamwita Scovia. Nikakifunga kisahani, nikampa nafasi. Aliweka kidole chake, akasukuma taratibu, akasukuma zaidi, kikafyatuka. Alikirudisha na kusukuma tena. Nadhani alifanya hivyo mara nyingi kuliko alivyohitaji.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo niliyoisikia kwa mguu."

Alizungumza polepole sana. Tangu siku ile ya soko hakuna aliyemwamini, na nadhani alikuwa amefika mahali pa kutojiamini mwenyewe.

Nikatoa fulana nyeupe nikapangusa ndani. Doa likawa jeusi katikati, lakini pembeni lilisambaa na rangi, kijani iliyokolea bluu. Oili ya injini ya gari haina rangi hiyo. Nikanusa. Petroli ilikuwa imekwisha kuruka, iliyobaki ni ile harufu nyingine, nzito, ya moshi wa ufuoni. Naijua. Kila Nicholas akija kwangu Ikerege kusalimu, shati lake huja na harufu hiyo.

Nicholas ana boti inayopeleka watu kisiwa cha Remba. Injini za boti hazinywi petroli tupu, hunywa petroli iliyokorogwa na oili, na oili yenyewe hutiwa rangi ili mtu asichanganye madumu. Kule ufuoni petroli hiyo ni dawa ya kila kitu. Wanaoshea mikono yenye rangi, wanalainishia minyororo, wanaulia siafu, nimewahi kuona mtu akipangusia redio. Na kwa boti haina madhara. Lakini ukiosha nayo throtol, petroli inakauka, oili inabaki. Hutoi uchafu. Umeulainisha tu na kuusukuma ukingoni mwa kisahani, na hapo unakaa usiku mzima ukigeuka gundi.

"Nani alifungua hapa?" nikauliza.

Nicholas alisema labda fundi wa zamani. Nikamwambia fundi wa zamani ni mimi. Akaangalia barabarani, mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki alikuwa amesimama kabisa sasa, na akaniomba nipunguze sauti. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nikamwinulia fulana na doa lake, nikamuuliza rangi hiyo inauzwa wapi hapa bara.

Ndipo akaeleza, kwa kunong'ona, akiwa amekunja mikono kama mwanafunzi. Gari lilikuwa linazimika likisimama. Scovia alimwomba alipeleke kwa fundi na yeye akaona ni kupoteza wakati, uchafu ni uchafu tu. Jioni ya kuamkia siku ile ya soko akafungua kwa koleo, akachovya kitambaa kwenye dumu la boti, akaosha. Alifikiri petroli ni petroli. Hapo peke yake ningemsamehe. Mtu wa ziwa ameosha kwa kile anachooshea, basi, ni ujinga, na ujinga si dhambi.

"Asubuhi yake," nikasema, "nani alilitoa gari hapa uani?"

Nicholas akatazama lango.

"Yeye," Scovia akasema. "Alinigeuzia, kwa sababu lango ni jembamba."

"Na pedali ilikuwaje?"

Nicholas akajibu: "Ilikuwa ngumu kidogo."

"Ukamwambia nini mke wako?"

Scovia akamjibia. Hakuwa na kitambaa usoni tena, alikuwa amekirudisha nyuma, na macho yake yalikuwa makavu.

"Alisema, ikiwa ngumu, ongeza mguu."

Niliweka spana chini. Niliiweka chini kwa sababu ilikuwa mkononi. Mtu huyu aliisikia pedali kwa mguu wake mwenyewe. Akampa mke wake gari, akampa na maneno ya kuvunja watu nayo. Halafu akakaa kando ya baba yake mdogo wiki baada ya wiki, akisikiliza wakimwita mke wake mtu wa kushtuka, na akakubali gari liuzwe kwa mtu mwingine, likamvunje mwingine huko mbele.

"Siku ile nilipowaeleza wazee kwamba ilikuwa ngumu," Scovia akamwambia, "ulikuwa unaangalia simu."

"Scovia, niliogopa."

"Ulikuwa unaangalia simu."

Nicholas akanigeukia mimi, kwa maana wanaume hudhani wanaume wengine watawaelewa. "Baba, tuseme ni gari tu. Gari ni ya zamani. Hakuna atakayelaumiwa, si yeye si mimi."

Nikamwambia gari halijawahi kufungua bonneti lake lenyewe. Nikamwambia kikao kikianza nitasimama na fulana hii nimpe kila mzee anuse. Nilitaka aseme neno lolote la ujeuri ili mila inilegezee mkono.

"Tata, usiseme," Scovia akasema. Aliniita baba kwa Kikuria, na hufanya hivyo mara chache tangu akue. "Ukisema wewe, watasema Wakuria wamekuja kupigana. Itakuwa vita ya wakwe na mguu wa Mama Roseline utasahaulika. Aseme yeye." Akamwangalia mumewe. "Na asiposema, mimi nitasimama niseme nilikosea, kama mnavyotaka. Nitatoa ufunguo. Halafu nitatoka na baba yangu kwa lango hili. Sitalala na mtu aliyeniangalia nikijitukana."

Akaingia ndani kupika, maana wageni walikuwa wanakuja, na hata mwanamke aliyehukumiwa hupikia waliomhukumu.

Mimi nikafanya kazi. Nilimpa Nicholas beseni alishike, na akashika. Nikafungua waya wa betri ili komputa ya gari isahau ujinga wote iliouzoea. Nikafungua throtol yote kutoka mahali pake, nikaipulizia dawa, na uchafu ukatoka mweusi ukitiririka hadi mikononi mwa Nicholas. Nikapiga mswaki, mbele na nyuma ya kisahani, na kwenye mhimili wake, nikakishikilia wazi kwa kidole ili nipate ukingo. Msasa sikuugusa, kwa sababu chuma hicho kikikwaruzwa hakifungi tena sawasawa. Nati ndogo ya kurekebisha silensa, yaani mngurumo wa gari likiwa limesimama, hiyo nayo sikuigusa. Nikapangusa kwa upande safi wa fulana mpaka hakukutoka kitu. Nikaiinua juani nikachungulia. Kisahani kikiwa kimefungwa, mwanga ulipita kama uzi mwembamba, sawa kuzunguka pande zote. Nikakisukuma kwa kidole kimoja, kikaenda. Nikaachia, kikarudi, tap.

Nicholas alijaribu mara moja kuniuliza kama dawa hiyo inapatikana Homa Bay.

Nilikuwa nimeweka gasketi mpya na kukaza nati ya mwisho wakati wazee walipoanza kufika, nikarudisha waya wa betri bila kupata nafasi ya kuliwasha. Mama Roseline aliletwa na mwanawe kwa pikipiki, mguu wenye plasta umenyooshwa pembeni kama mlingoti. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia. Alipopita karibu na gari aliliangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa aliyemuuma. Maurice akaja langoni akanikaribisha rasmi, nikaingia, nikapewa kiti karibu na mlango.

Maurice alizungumza kwanza, na alizungumza sana. Alisifu undugu, alisifu uvumilivu wa Mama Roseline, alisema gari ni chuma na mtu ni mtu. Alisema Nyar Kuria ni mtoto wao na mtoto akimwaga maziwa hapigwi, hunyang'anywa kikombe. Baadhi yao walicheka. Kisha akamwambia Scovia asimame.

Scovia akasimama. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Hakumwangalia Maurice wala Mama Roseline, alimwangalia Nicholas, na hakusema kitu. Akaendelea kutosema. Wazee wakaanza kukohoa. Mimi nilishika mikono ya kiti changu na nikakumbuka kwamba nimekatazwa na mtoto wangu mwenyewe.

Nicholas akasimama. Mikono yake bado ilikuwa na weusi kwenye kucha.

"Wazee," akasema, "kuna jambo. Kumbe ile gari ilioshwa huko ndani. Ilioshwa na petroli ambayo haikufaa. Ndiyo ikaleta shida kwa pedali."

Maurice akapiga makofi mara moja, furaha imemjaa. Akasema basi Mungu amefichua, kumbe ni mambo ya chuma tu, hakuna mtu mwenye kosa, tufunge kwa maombi tule.

"Ilioshwa na nani?" Mama Roseline akauliza.

Maurice akasema hayo ni ya kiufundi.

"Usinifungie maombi juu ya mguu wangu, Maurice. Nimeuliza. Ilioshwa na nani?"

Nilimwona Nicholas akimtazama baba yake mdogo, kisha mlango, kisha mke wake. Scovia alikuwa bado amesimama. Alikuwa amegeuka kidogo kuelekea mimi, kuelekea lango.

"Mimi," Nicholas akasema.

"Ukajua lini kwamba imeharibika?"

"Asubuhi ile. Kabla hajatoka. Niliisikia."

"Na ukanyamaza mpaka leo."

"Ndiyo, Mama."

Hakuna aliyekohoa tena. Mama Roseline alilishughulikia gego lake kwa ulimi, akifikiri, kisha akawauliza wazee ni nani kati yao aliyesema wanawake hushtuka. Hakuna aliyekumbuka. Akaniuliza mimi kama kweli nimelisafisha. Nikasema nimelisafisha.

"Vizuri. Nicholas, nenda ukasimame mbele ya hiyo gari, kama nilivyokuwa mimi. Nyar Kuria, ingia uwashe."

Maurice akasema hilo haliwezekani, ni hatari. Mama Roseline akamwambia eti si gari ni nzima? Si ulisema ni nzima? Akamwita mwanawe ambebe hadi langoni, na kikao kizima kikatoka nje nyuma ya plasta yake.

Nicholas akasimama mbele ya bampa. Scovia akaingia, akafunga mkanda, akarekebisha kioo ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. Kuna jambo nililijua ambalo wao hawakulijua: gari lililosafishwa koo na kufunguliwa betri, likiwashwa mara ya kwanza hupiga kelele. Komputa yake inatafuta pumzi mpya. Ningeweza kuwaambia. Nilinyamaza. Kunyamaza kulikuwa kumeruhusiwa katika boma hilo.

Akawasha. Betri aliyosema Nicholas imekufa ikaitika mara moja, na injini ikanguruma juu, kwa nguvu, kama gari linalotaka kupasua ukuta, na Nicholas akaruka kando mpaka ndani ya ua wa mnyaa. Wazee wawili walikimbia hadi upande wa pili wa barabara. Maurice alikuwa mmoja wao. Gari lilikuwa halijaguswa gia, halikusogea hata kidogo.

Mama Roseline alikuwa amekalishwa kwenye kiti pale pale. Alingoja Nicholas ajinasue, utomvu mweupe umemtapakaa shati.

"Mimi nilikuwa nimekaa," akasema.

Mngurumo ukashuka wenyewe, ukashuka tena, ukatulia. Ilikuwa silensa safi, kama gari lilivyokuwa lilipokuwa langu. Scovia akatoa kichwa dirishani.

"Rudi," akamwambia mumewe.

Akarudi. Scovia akaweka gia, mguu kwenye breki, kisha akauinua mguu polepole. Gari likaanza kutambaa. Likatambaa mpaka bampa likagusa suruali ya Nicholas, kitambaa tu, kikakunjika kidogo, na hapo likasimama. Halikumsukuma. Ningeweka bakuli la uji juu ya dashibodi lisingemwagika.

Akalishikilia hapo kwa muda, akimtazama kupitia kioo. Kisha akarudi nyuma, akazima, akashuka. Maurice, ambaye alikuwa amerudi kutoka ng'ambo ya barabara, alinyoosha mkono apokee ufunguo, kwa mazoea nadhani. Scovia akaufunga kwenye pindo la leso yake.

"Jumatatu naenda kuangaliwa mguu Homa Bay," Mama Roseline akamwambia. "Utanipeleka. Na kila siku nitakayohitaji. Huyu atakaa nyuma na ndoo zangu." Akamwangalia Nicholas. "Na viazi vyangu utachimba wewe, kwa mikono hiyo hiyo."

Wakaleta kuku. Kumkatalia mkwe kuku ni jambo zito, na walinitazama wote nilipoomba maji. Nilikunywa maji nikiwa nimesimama, nikarudisha kikombe kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Walielewa. Nicholas alinifuata hadi langoni akiwa na maneno mengi, kwamba atabadilika, kwamba ni ujana, kwamba nisimwambie mama mkwe. Nilimpa ile fulana yenye doa.

"Hii usiifue," nikamwambia. "Itundike mahali utaiona."

Scovia alinipeleka mwenyewe hadi stendi ya Rangwe. Pale sokoni, karibu na kile kishimo, wanawake wa viazi walimwona anakuja wakaanza kuvuta magunia yao nyuma. Hasira ilinipanda upya. Yeye akapunguza mwendo, akawapita, akasimama mbele kidogo, na injini ikakaa pale inanguruma polepole bila kuzimika.

"Wataacha lini?" akauliza.

Nikamwambia asikaze wala asilegeze ile nati ndogo ya silensa, na asikubali mtu yeyote aiguse.